Filimu ya Askari wa Farasi na Ng'ombe wa Babu

Filimu ile sikuichagua mimi. Nilikuwa nimempelekea flash kijana anayejaza filimu karibu na soko letu, nikamwomba anitilie mfululizo wa Kifilipino ambao wasichana wote wa darasa walikuwa wanausimulia. Alinitilia sehemu mbili tu za mfululizo, na nafasi iliyobaki akaijaza na faili moja ndefu isiyo na kichwa cha kueleweka. Nilipoifungua nyumbani niliona picha isiyo na rangi, jangwa, na mstari wa askari wamepanda farasi wakipita polepole kutoka upande mmoja wa ekra ya televizyo mpaka upande mwingine. Wanasema Kifaransa, lakini midomo yao inasema kitu kingine.

Kaka yangu alisimama nyuma ya kiti na sahani mkononi.

"Hii njo filimu gani? Walikosa feza ya kununua rangi?"

Sikumjibu. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Shuleni mwalimu wa Kifaransa akiuliza swali natazama meza hata kama jibu ninalo. Nyumbani ni hivyohivyo, ila nyumbani wamezoea.

Filimu yenyewe ni hivi. Kuna kambi ndogo ya askari, mbali na kila kitu. Amri inakuja kwamba kambi ifungwe na watu wote wapelekwe kwenye kambi kubwa ng'ambo ya mto: askari, wake zao, watoto, mpishi, mgonjwa mmoja anayelala ndani ya gari la kukokotwa. Safari hiyo ndiyo filimu. Wanapigana mara mbili, na si kwa muda mrefu. Mengine yote ni kutembea, kusimama, kufunga mizigo, kugombana kidogo, kulala na viatu miguuni. Kaka alichoka mapema akaenda kuangalia mpira kwa jirani. Mimi niliangalia mpaka mwisho, na kesho yake nikaangalia tena, nikijua kwamba hakuna msichana wa darasa letu ambaye ningeweza kumwambia.

Kilichonishika ni kitu kidogo. Kila baada ya muda kapiteni anainua mkono, na askari wote wanashuka. Wanalegeza mikanda ya matandiko, halafu wanatembea kwa miguu kando ya farasi. Mara ya kwanza nilifikiri wamefika. Hapana, wanapumzisha wanyama. Hakuna anayelieleza jambo hilo, wala muziki haupigwi. Tunasikia viatu tu na pumzi. Na wakifika kwenye maji, farasi wanakunywa kwanza, halafu watoto, halafu askari. Kapiteni anakunywa mwisho, na anakunywa kidogo. Aliyepiga ile filimu ameweka kamera chini karibu na udongo, kwa hiyo watu na farasi wanachukua sehemu ndogo ya picha na mbingu inachukua zote zilizobaki. Sijawahi kuona jangwa wala farasi, lakini mawingu yale ningeweza kuyaangalia bila watu.

Kuna jambo linaloniudhi na sitalificha. Wenye nchi ile, wale ambao askari wanapita kwenye ardhi yao, wanaonekana juu ya milima tu, mbali. Hawapewi hata neno moja la kusema. Wakianguka hakuna anayeshuka kuwaangalia, na farasi akianguka filimu nzima inasimama. Ninaliona kila mara, na bado naiangalia.

Kaka alieneza habari. Wiki ile wasichana wawili wa darasa letu walinipigia saluti kwenye lango la shule.

"Kapiteni! Farasi yako ulimufunga wapi?"

"Mumuache, anamutafutia majani."

Nilipita. Jibu zuri lilinijia nikiwa karibu kufika nyumbani, na sasa nimelisahau.

Babu yangu, baba ya papa, anaishi nasi tangu familia ilipoteremka kutoka milima ya Masisi kuja hapa Goma. Huko alikuwa na ng'ombe. Kidogo kidogo walipungua, mpaka akabaki na jike mmoja wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, mwenye doa jeupe begani. Huyo hakuja naye Goma, kwa sababu ungemweka wapi juu ya mawe haya ya volkano. Alimwachia rafiki yake wa kilima kilekile ili amchungie. Kwetu ni desturi: rafiki anachunga na kunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako, na mambo ya ndama mnajua wenyewe mnavyogawana. Urafiki wao ulikuwa mzee kuliko papa.

Televizyo babu hakuipenda. Alisema ni watu wanaogombana ndani ya nyumba nzuri. Jumapili moja baada ya misa alipita saloni, penye televizyo, akielekea kitandani kwake, akasimama mlangoni.

"Hao ni wa nani?"

"Ni farasi, Babu."

"Naona ni farasi. Nauliza ni wa nani."

"Wa jeshi."

"Na jeshi ni la nani?"

Aliketi kwenye kiti cha papa, akaweka kofia juu ya goti, akaangalia mpaka mwisho. Jumapili iliyofuata alinikuta tayari nimeshaunganisha flash. "Anza," alisema, "kabla kurani haijakwenda." Umeme kwetu haukai.

Watu wa filimu hawakumhusu. Kapiteni alimwita "yule mwenye masharubu", na mke wa kapiteni hakumtaja kabisa. Wanyama alimjua kila mmoja. "Yule wa tatu anaumwa kwato. Angalia, haweki uzito." Au: "Huyu mweusi ni mchokozi, wamemweka nyuma ili asiume wenzake." Maisha yake yote hakuwa amegusa farasi. Nilianza kuangalia alichokuwa anaangalia yeye, na filimu ikawa ndefu zaidi na bora zaidi.

Katikati ya safari kuna farasi mwenye uso mweupe, wa askari mmoja kijana. Anateleza kwenye bonde la mawe na kuvunjika mguu. Sajini mnene anamwambia kijana atangulie asigeuke nyuma. Tunabaki na kijana akitembea. Mlio wa bunduki unasikika nyuma ya mawe, halafu sajini anatokea amebeba tandiko begani. Analihamishia begani kwa kijana. Kwangu mimi hapo ndipo filimu inapofika juu kabisa, kwa sababu hatukuonyeshwa.

Mara ya tatu au ya nne tulipoangalia pamoja, tukiwa mwishoni, mstari wa askari ulikuwa unavuka mto. Babu alinigusa mkono.

"Simamisha. Rudisha kidogo. Hapo. Huyo hapo!"

"Nani, Babu?"

"Uso mweupe. Amepandwa na yule mkubwa mwenye vifungo vingi. Unaona anavyotupa mguu wa mbele wa kushoto? Njo yeye."

Nilirudisha tena na tena. Kweli alikuwa yeye: uso uleule mweupe, mguu uleule.

"Babu, labda wenye kutengeneza filimu walitumia farasi mmoja mara mbili."

"Nani aliona maiti?"

"Hakuna. Tulisikia bunduki."

"Tulisikia bunduki. Na ngozi iko wapi?"

Hapa lazima nieleze. Ng'ombe wako akifa mikononi mwa anayekuchungia, mtu huyo anakuletea ngozi. Hata kama ni mbali, anakuja nayo. Unaitandika chini, unaangalia rangi na madoa, unamjua ng'ombe wako, mnasikitika pamoja na mambo yanaisha. Asiyeleta ngozi ameleta maneno tu, na wazee wanajua habari nyingi za ng'ombe "waliokufa" ambao baadaye walionekana sokoni.

Kwa hiyo babu alikata kesi. Sajini ni mwongo. Alipiga risasi hewani, akamficha farasi, akampa mkubwa wake. Alimhurumia yule kijana sana. "Amebebeshwa tandiko tupu," alisema, "na anashukuru." Nilijaribu kumweleza kwamba mguu uliovunjika hauponi kwa siku chache. Aliniuliza kama mguu niliuona umevunjika. Sikuuona. Filimu haikuonyesha.

Siku chache baadaye yule rafiki wa Masisi alimpigia papa simu. Nilikuwa uani nachambua maharagi, na papa huwa anaweka sauti kubwa kwa sababu telefone yake imeharibika sikio. Watu wenye bunduki walifika kilimani wakachukua mifugo yote, ng'ombe wa babu pamoja na wake. Yeye alikimbia na mke na wajukuu, sasa wako kambini upande wa Lac Vert, karibu na Goma, chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi.

"Sikuweza kumupigia Muzee mwenyewe," ile sauti ilisema. "Habari ya ng'ombe haisemwi kwa telefone. Wewe ni mutoto yake. Umuikalishe, umuambie vizuri."

Papa alisema ndiyo, atamwambia. Alipogeuka akaniona na maharagi yangu. Mama alitoka jikoni, akasikia, akanitazama na yeye.

"Usiseme kitu," mama alisema. Kana kwamba mimi ndiye wa kuogopwa kwa maneno.

Habari kama hiyo ina utaratibu wake. Inasemwa na mtu mzima, mwanamume wa familia, mchana, muzee akiwa ameshiba na ameketi. Papa aliujua utaratibu na akaanza kungoja siku. Siku moja babu alikuwa anakohoa. Siku nyingine kulikuwa na wageni. Halafu papa alikwenda Bunagana mpakani kuleta bidhaa zake, akarudi amechoka. Babu yeye alikuwa anahesabu miezi kwa vidole: yule jike alikaribia kuzaa. Alitaka kuwepo. Alinunua chumvi ya kumlambisha. Akamtafuta mushofere mmoja anayepanda Masisi kuleta viazi, akapewa nafasi mbele. Angeondoka Jumatatu.

Barabara ile si ya mzee kwenda kwa ajili ya chumvi. Kila mtu nyumbani alilijua hilo. Angefika kilimani, kama angefika, angekuta boma tupu na hakuna mtu wa kumpokea.

"Mwambie," mama alisema Ijumaa.

"Leo hakulala vizuri."

"Na Jumatatu atakuwa amelala vizuri ndani ya gari?"

"Nitasema Jumapili. Jumapili ni siku nzuri."

Jumapili baada ya misa papa alikula haraka, akasema ana mkutano na wenzake wafanyabiashara, akavaa koti. Mama alimwangalia mpaka alipofunga mlango. Babu alikuwa tayari kwenye kiti. "Anza," aliniambia.

Nilianza. Ninakumbuka nilikuwa nahesabu kwamba mkutano wa papa utakwisha jioni, kwamba jioni kutakuwa na sababu nyingine, na kwamba gari linapita asubuhi. Sikuwa na ujasiri wowote. Kulikuwa na jambo moja tu lililonisaidia: mbele ya filimu watu wawili hawatazamani. Wanatazama upande mmoja. Ukisema neno, linakwenda mbele kwanza.

Kapiteni aliinua mkono. Askari walishuka wakaanza kutembea kando ya farasi.

"Babu, kesho usiende."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe hayuko."

Aliendelea kuangalia ekra. "Hayuko kilimani, au hayuko?"

"Wenye bunduki walimchukua. Walichukua wote, na wa rafiki yako pia. Alikimbia. Yuko Lac Vert."

"Nani alisema?"

"Yeye mwenyewe. Alimwambia papa."

"Lini?"

"Kabla hujanunua chumvi."

Alitoa kofia gotini akaiweka upande mwingine. Askari walikuwa bado wanatembea. Kipande kile ni kirefu.

"Na ngozi?"

"Hakuna ngozi, Babu. Walikwenda naye akiwa mzima."

"Hakuna ngozi," alirudia.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimemletea habari ya mnyama aliyepotea nyuma ya mawe, mbele ya filimu ileile. Mambo yote yalifanana: hakuna aliyeona, hakuna ngozi, kuna maneno ya mtu mmoja tu. Ng'ombe alikuwa amekwenda na haiwezekani kumrudisha. Rafiki alikuwa bado yuko, na huyo ndiye babu angeweza kumpoteza sasa, kwa swali moja.

"Zima," alisema. Nilizima. Hatukufika mtoni siku hiyo.

Papa alirudi jioni akamkuta babu ameketi palepale, televizyo imezimwa. Alielewa. Alinitazama mimi.

"Ni wewe ulisema?"

"Muache mutoto," babu alisema. "Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Muzee, nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Siku nzuri ya habari hiyo ni ipi? Unionyeshe kwa kalenda. Mimi ningefika kule juu na chumvi mkononi, ningemuita nani?"

Papa alisimama na koti lake. Mama alianza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kesho ninaenda," babu alisema.

"Wapi tena, Papa?" mama aliuliza. Anamwita hivyo baba mkwe wake.

"Kwa rafiki yangu. Gari linapita Lac Vert. Nitashuka pale. Na huyu mama anakuja na mimi," akanielekeza mimi kwa kidevu, maana wajukuu wake wa kike anatuita mama, "kwa sababu yeye njo anajua kusema."

Kaka alicheka kwa nguvu. Alikuwa peke yake katika kucheka, akaacha.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kukataa. Ndani ya gari nilikaa katikati, kati ya mushofere na babu. Babu aliangalia barabara. Nilijaribu kusoma uso wake nikashindwa. Nilifikiria swali la ngozi likiulizwa mbele ya mke na wajukuu wa yule muzee. Swali hilo kwetu halina njia ya kulainishwa. Ukiuliza, umeshamwita mtu mwizi, na yeye lazima asimame, na baada ya hapo watoto wenu hawasalimiani.

Tulishuka. Kuna mahema ya shitingi yamejengwa juu ya mawe meusi, moja limegusa lingine, na moshi wa kupikia unapita katikati. Tuliuliza mara mbili. Rafiki ya babu alitoka ameinama, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi. Nilikuwa nimewaza mtu mkubwa. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mvua la mtoto wa shule, mikono imetoka nje ya mikono ya koti.

Walikumbatiana jinsi wazee wetu wanavyofanya, wakishikana mabega na kuulizana habari za kila mtu, mmoja mmoja, taratibu, hata wale ambao wote wawili wanajua walishakufa. Tulipewa madumu tukae juu yake. Mjukuu mmoja aliniangalia viatu.

Rafiki alianza: "Ndugu yangu, ile ng'ombe..."

"Unalala wapi?" babu alimkata.

"Hapa."

"Hapa wapi? Nionyeshe."

Waliingia, wote wawili wameinama. Mimi nilibaki mlangoni, nikaona. Chini kulikuwa na mkeka, na chini ya mkeka ni mawe, yale makali ya volkano, hata hayakusawazishwa. Upande mmoja maji yalikuwa yanaingia. Babu alipiga goti moja kwa shida, akaweka kiganja juu ya mkeka, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kama mtu anayepima tumbo la ng'ombe mgonjwa.

"Sina ngozi ya kukuletea," rafiki alisema nyuma yake. Alisema haraka. "Nimekutana na wewe mikono mitupu. Njo maana nilikuwa naogopa."

"Nimeona," babu alisema. Halafu: "Goti lako je? Lile la zamani?"

Wakaanza kuongea habari ya goti. Waliongea habari ya goti mpaka chai ikaletwa, kikombe kimoja kwa wageni wawili. Baadaye waliongea kuhusu watu wa kilima, nani yuko wapi. Ng'ombe wa babu alitajwa mara moja tu, na aliyemtaja alikuwa rafiki: alisema jike alikuwa ameanza kuvimba kiwele, na kwamba ingekuwa jike tena, yeye alilijua hilo. Babu aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nangoja swali. Nilingoja mpaka tukaagana.

Barabarani tulisimama kungoja moto, pikipiki ya abiria, ya kuturudisha mjini. Malori yalipita, tukafunga macho kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nimesema mengi tangu jana, na labda ndiyo maana nilithubutu tena.

"Babu, unamwamini?"

"Nani?"

"Rafiki yako. Hakuleta ngozi."

Alinitazama kama vile nimemuuliza kitu cha watoto wa shule ya msingi.

"Mutu aliyeuza ng'ombe wangu atalala juu ya yale mawe?"

Moto moja ilisimama, lakini muendeshaji alikuwa na mzigo, akaondoka.

"Na yule sajini wa filimu?"

Babu alifikiri. Nilidhani atamwachilia na yeye, kwa kuwa siku ilikuwa hivyo.

"Yule hatukuonyeshwa analala wapi," alisema.

Kisha akaniambia nimpigie papa simu, nimwambie atafute magodoro mawili na mbao za kuweka chini yake, na awe ameyafikisha kwa rafiki yake kabla ya mvua ya jioni. Nilipiga. Papa alianza kusema kwamba leo kidogo ni vigumu. Nikamwambia, "Papa, Babu yuko hapa kando yangu anasikiliza," na papa akasema sawa.